Jina Katika Daftari: Mwongozo wa Kujiandikisha na Kupiga Kura kwa Mkaazi wa Malindi na Kilifi

Katika uchaguzi mkuu wa mwezi wa Agosti mwaka 2022, watu wa Magarini, eneo bunge lililoko kaskazini ya mto Sabaki, walipiga kura kumtafuta mbunge wao, na zilipokwisha kuhesabiwa ikaonekana kwamba aliyetangazwa mshindi, Harrison Kombe, alikuwa amemzidi aliyemfuata, Stanley Kenga, kwa kura 21 tu. Watu ishirini na mmoja hawajazi matatu mbili za abiria kumi na wanne. Shauri likaenda mahakamani, likapanda daraja baada ya daraja mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2024 uchaguzi ule ukabatilika. Na kwa kuwa wakati huo Tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna wa kuitisha uchaguzi mwingine, eneo bunge zima likakaa bila ya mbunge kwa zaidi ya mwaka, hata uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 27 Novemba 2025, naye Bwana Kombe akarejea bungeni, safari hii kwa kumtangulia mshindani wake kwa maelfu ya kura.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu moja. Katika vijiji vya Magarini siku ile ya Agosti walikuwapo, bila ya shaka yoyote, watu wazima wengi zaidi ya ishirini na mmoja waliokaa majumbani: huyu hakuwa na kitambulisho, yule jina lake lilikuwa limeandikwa Mombasa alikokuwa akifanya kazi zamani, na mwingine alikuwa amekata tamaa na siasa zote na watu wake. Wawili wa kwanza hawakuikosa kura siku ya uchaguzi. Waliikosa miezi mingi nyuma yake, siku ambayo wangaliweza kwenda ofisini wasiende. Kura huanza pale jina la mtu linapotiwa katika daftari, na atakayeyafahamu maneno haya mapema hatajuta Agosti. Kwa hiyo nitakueleza, hatua baada ya hatua, namna ya kuandikishwa, namna ya kupiga kura, na namna ya kuilinda ikisha pigwa. Na kwa yule wa tatu, aliyekata tamaa, nitaeleza kwa nini nadhani amekosea.

Haki hii ilikotoka

Wazee wetu hawakuwa nayo. Ukanda huu wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja chini ya himaya ya Waingereza, na Liwali wa Malindi na mamudiri wake waliwekwa kwa amri ya serikali, wala hakuna mvuvi wa Shella au mkulima wa Ganda aliyeulizwa kama amewaridhia. Wagiriama walikuwa na kambi, yaani baraza la wazee wao, katika makaya, lakini serikali ilipotaka kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi, rai ya wazee hao haikusikizwa, na ndipo Mekatilili wa Menza alipoinuka mwaka 1913 kuwahimiza watu wakatae. Na mwaka uliofuata watu wakapigwa, wakaamrishwa kuihama ardhi yao ya kaskazini ya Sabaki. Ardhi hiyo ndiyo iliyo Magarini hivi leo, ambako kura 21 ziliamua nani awe mbunge.

Mwaka 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na Pwani ikampeleka Ronald Ngala, mwalimu na mzaliwa wa upande huu wetu wa Kilifi. Hata hapo haki haikuwa sawa kwa wote, kwani Mwafrika alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake, kisha akapewa kura moja, au mbili, au tatu, na asiyefikia hata kipimo kimoja hakupewa kitu. Ilipofika Mei mwaka 1963 ndipo mtu mzima, awe tajiri au fakiri, msomi au asiyejua kusoma, alipopata kura yake moja iliyo sawa na ya mwenziwe. Anayeiacha haki hii leo aiache akijua kwamba waliomtangulia waliishi na kufa wakiitamani.

Kura sita, na zile zilizo karibu na nyumba yako

Tangu Katiba ya mwaka 2010, na uchaguzi wa kwanza uliofuatia tarehe 4 Machi 2013, mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ya mbunge, na ya mwakilishi wa wadi. Ada ya watu wengi ni kuzungumza habari za rais mwaka mzima, kisha wakifika chumbani wakazijaza zile nyingine kwa haraka, ilhali mambo yanayomgusa mtu kila siku yamo zaidi katika mikono ya gavana na mwakilishi wa wadi. Katiba imeipa kaunti zahanati na hospitali zake, masomo ya chekechea, masoko, kilimo na uvuvi, maji, na barabara za mitaani na vijijini. Dawa zikikosekana zahanati, au mfereji wa kijiji ukikauka, wa kuulizwa kwanza ni hao wawili.

Kaunti ya Kilifi ina maeneo bunge saba, nayo ni Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini, na ndani yake zimo wadi 35. Malindi ina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Mji wa Malindi na Shella, na Magarini ina sita: Marafa, Magarini, Gongoni, Adu, Garashi na Sabaki. Afisi ya gavana iko mjini Kilifi, bali Bunge la Kaunti, wanamokaa wawakilishi wa wadi kupitisha bajeti na sheria za kaunti, hukutana Malindi, na milango yake iko wazi kwa raia anayetaka kwenda kusikiliza. Ikiwa hujui u katika wadi gani, mwulize mzee wa mtaa au naibu wa chifu kabla ya kuendelea, kwani mengine yote yajengwa juu ya jambo hilo.

Nani anayestahiki kuandikishwa

Masharti ni machache. Uwe raia wa Kenya. Uwe umetimiza miaka 18. Uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya ambayo muda wake haujakwisha. Usiwe mtu ambaye mahakama imethibitisha kwamba akili yake si timamu. Na usiwe umetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Hapana sharti la elimu, wala la mali, wala la dini, wala la kabila, na afisa wa Tume hana ruhusa ya kukuuliza utampigia nani.

Kwa vijana wetu kizuizi kikubwa ni kitambulisho. Kijana aliyefika miaka kumi na minane huchukua cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake, akaenda kwa chifu au naibu wake ili ajulikane kuwa ni mtoto wa mahali pale, kisha akaenda katika afisi ya usajili wa watu, au katika Huduma Centre, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hapo hupewa kikaratasi cha kungojea, nami nataka uangalie sana jambo hili: kikaratasi hicho hakitoshi kuandikishia kura. Sharti kitambulisho chenyewe kiwe mkononi, na kwa kuwa hakitoki siku ile ile, anayengoja mpaka miezi ya mwisho huenda akakipata wakati daftari limekwisha kufungwa. Wako pia wanaoomba kisha wakasahau kurudi kukichukua, na kitambulisho kikakaa afisini kikimngoja mwenyewe. Ikiwa wewe ni mmoja wao, safari yako ya kwanza iwe ya kukifuata.

Hapa yanipasa kuwataja ndugu zetu Wapemba, waliokaa Mayungu, Watamu na pwani nyingine za kaunti hii kwa vizazi kadhaa, wakivua na kuoa na kuzika humu, nao hawakuhesabiwa kuwa raia, hata Julai mwaka 2023, mjini Kilifi, serikali ilipowatambua rasmi kuwa jamii ya Kenya. Mpemba aliyekwisha kupata kitambulisho ana haki ya kura sawasawa na mwenyeji mwingine yeyote. Na kwa kuwa kizazi kizima kililelewa katika mazoea ya kujificha mbele ya karani wa serikali, ni wajibu wa majirani, na wa walimu na maimamu, kuwashika mkono mpaka waandikishwe.

Namna ya kuandikishwa

Kazi ya kuandikisha ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, nayo ina afisi katika kila eneo bunge. Uandikishaji huwa wazi wakati wote, isipokuwa katika siku sitini kabla ya uchaguzi mkuu, na pia mahali ambapo kiti kimetangazwa kuwa wazi na uchaguzi mdogo unangojewa. Mara nyingine Tume huwatuma makarani wake mpaka kwenye wadi, wakaweka meza shuleni au sokoni kwa majuma machache. Lakini usiyangojee majuma hayo, kwani ndiyo yenye safu ndefu na mashine zenye kuchoka. Kuandikishwa hakuna malipo hata ya senti moja, na yeyote anayekudai fedha anakuibia.

Ukifika mbele ya karani utampa kitambulisho chako, naye atajaza fomu, atachukua alama za vidole vyako vyote, atakupiga picha, na atakuuliza kituo unachotaka kupigia kura. Kabla ya kuondoka, soma jina lako na namba ya kitambulisho kama zilivyoandikwa, au umwombe unayemwamini akusomee, kwani herufi moja iliyokosewa katika jina, au tarakimu moja iliyorukwa, hukuletea taabu baadaye. Utapewa stakabadhi, itunze, ingawa siku ya kura haitahitajika. Jiandikishe mahali pamoja tu, kwa sababu kuandikishwa mara mbili ni kosa la jinai, na mashine zinazolinganisha vidole zinayagundua makosa hayo.

Swali la kituo ni lenye kutaka fikira zaidi kuliko lionekanavyo. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano, na ule ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Basi usijiulize ulizaliwa wapi. Jiulize Jumanne hiyo utakuwa wapi. Agosti ni msimu wa kusi: bahari ni kali, na mvuvi aliyeacha nyumba yake kwenda dago huenda akawa mbali na mahali jina lake lilipo. Agosti pia ndipo wageni wanapokuwa wengi katika hoteli za Watamu na Malindi, na mpishi au mtandika vitanda ambaye jina lake liko Ganze au Bamba hatapata nafasi ya kwenda na kurudi kwa saa mbili alizopewa na msimamizi wake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani aliyeandikishwa Kilifi, na Agosti akawa kwao likizoni, atakuwa katika hali hiyo hiyo. Mtu achague kituo kinacholingana na maisha anayoishi.

Aliyekwisha kuandikishwa mahali asipokaa tena anaweza kuhamisha jina lake. Aende mwenyewe, na kitambulisho chake, katika afisi ya Tume ya eneo bunge anakohamia, ajaze fomu ya uhamisho, na afanye hivyo siku tisini au zaidi kabla ya uchaguzi. Ila nakunasihi usikubali kuhamishwa na mtu mwingine. Kila msimu wa uchaguzi hutokea watu wanaowapakia vijana magarini na kuwapeleka kuandikishwa katika wadi wasiyoijua, kwa nauli na chakula cha mchana; na kijana aliyekubali huwa amewachagulia kiongozi watu ambao hatakunywa maji yao wala kupita njia zao, na kwao mwenyewe ameacha kiti chake kitupu.

Jambo la mwisho la hatua hii ni kukagua. Kabla ya uchaguzi Tume hulifungua daftari kwa muda ili kila mtu alitazame jina lake, na mtu huweza kukagua afisini au kwa simu yake. Usidhani kwamba kwa kuwa ulipiga kura mwaka 2022 basi mambo yako yamesalimika. Tazama, na ukiona kosa liripoti siku hiyo hiyo.

Miezi ya kabla ya kura

Watakuja watu wengi kukuomba, na njia ya kuwapambanua ni kuujua wadhifa wanaoutaka. Katika kaunti yetu, ambako maelfu ya watu wanakaa katika ardhi wasiyo na hati yake, hakuna ahadi tamu kuliko hatimiliki. Nayo hutolewa na wizara ya ardhi ya serikali ya taifa, si na mwakilishi wa wadi. Mgombea wa wadi anayekuahidi hati ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anakudanganya. Mwulize mambo yaliyo katika uwezo wake: zahanati ya hapa itapata muuguzi wa usiku lini, madarasa ya chekechea yatakamilika kwa bajeti ya mwaka gani, samaki wanaoteremshwa ufukweni watapata barafu na paa la kivuli kwa njia gani. Na ikiwa u mwanachama wa chama, usiidharau kura ya mchujo, kwani mahali chama kimoja kilipo na nguvu, mtu huenda akawa amechaguliwa tangu siku ile ya mchujo.

Tena iko habari ya hongo. Itakujia kwa jina la nauli, la leso, la unga, la mnazi wa vijana, au la noti ya shilingi mia mbili iliyokunjwa kiganjani. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 imemweka mtoaji na mpokeaji katika kosa moja, na adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili. Na dini zetu zimeikataza kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Lakini hata aliyeziweka kando sheria na dini na afanye hesabu. Muhula wa kiongozi ni miaka mitano, yaani siku 1,826. Ukizigawa shilingi mia mbili kwa siku hizo, kila siku haipati hata senti kumi na moja. Hiyo ndiyo bei aliyonunuliwa mtu ambaye mtoto wake atasoma chini ya mwembe na mkewe atajifungulia njiani. Wala usimpe mtu kitambulisho chako akuwekee, japo kwa siku moja na kwa kiapo, kwani asiye na kitambulisho siku ya kura ni sawa na asiyeandikishwa.

Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuwamo katika safu wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura hata giza likiingia, asikubali kufukuzwa. Mwajiri analazimishwa na sheria kumpa mfanyakazi wake muda wa kutosha wa kwenda kupiga kura, na mtumishi wa hoteli au wa nyumba na akumbushane na tajiri wake juma zima kabla. Chukua kitambulisho kile kile ulichoandikishiwa. Usivae fulana wala kofia ya chama. Wenye mimba, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu hawasimami safuni. Hupitishwa mbele, na ni adabu yetu pia.

Shule moja huwa na vituo kadhaa, kwa kuwa kituo kimoja hakipasi kuzidi wapiga kura 700, na watu hugawanywa kwa kufuata herufi za majina yao. Basi itazame orodha iliyobandikwa mlangoni kabla ya kusimama, usije ukangoja saa tatu katika safu isiyo yako. Ndani utatoa kitambulisho, na utaweka kidole juu ya mashine ili ikutambue. Wako watu ambao kazi imewafuta alama za vidole: wakata mawe wa timbo, wagema waliopanda minazi tangu utotoni, wavuvi waliovuta kamba za nyavu miaka thelathini. Mashine ikikataa kidole, jaribu kingine. Na vikikataa vyote, usitoke nje kwa haya, bali umwombe karani akutafute kwa namba ya kitambulisho, kwani utaratibu wa kuwatambua watu kama wewe umewekwa, mbele ya mawakala wa vyama na wagombea.

Utapewa karatasi zako sita, kila moja na rangi yake. Nenda katika kijumba cha siri, na katika kila karatasi utie alama moja tu, iliyo wazi, katika nafasi iliyo mkabala na jina na alama ya mgombea umtakaye. Usiandike jina lako, wala dua, wala matusi. Karatasi inayoonyesha ni ya nani, au yenye alama mbele ya wagombea wawili, huhesabiwa kuwa imeharibika. Ukikosea, irudishe kwa msimamizi wa kituo kabla ya kuitia sandukuni, naye atakupa nyingine. Kisha ikunje kila karatasi na uitie katika sanduku ambalo kifuniko chake kina rangi kama yake. Usiipige picha karatasi uliyoitia alama, wala usimwonyeshe mtu. Siri hii imewekwa kukulinda wewe, ili mume au mwajiri au mtoa hongo asiwe na njia ya kujua. Mwisho kidole chako hutiwa wino, nawe umemaliza.

Asiyeona, au asiyejua kusoma, au asiyeweza kushika kalamu, ana haki ya kuja na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mtu mzima wa miaka kumi na minane au zaidi, ambaye huapa kwamba atatia alama kama alivyoambiwa na kwamba hatatoa siri. Na msaidizi humsaidia mtu mmoja tu. Asiyekuja na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo, na mawakala wakishuhudia. Nyanya asiyejua kusoma asiambiwe na wajukuu zake kwamba haya si mambo yake.

Kura ikisha pigwa

Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, na matokeo hujazwa katika fomu, hutiwa sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwezi wa Juni mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya kura ya rais yaliyotangazwa katika eneo bunge ndiyo ya mwisho, na kwamba aliye juu hana ruhusa ya kuyageuza. Basi karatasi ile ya mlangoni ni hati yako nawe pia: pita asubuhi ya pili, isome, ipige picha, na uilinganishe na yatakayotangazwa.

Mwenye shaka ana mlango wa mahakama. Malalamiko ya kiti cha ubunge au cha ugavana hupelekwa Mahakama Kuu, na ya kiti cha wadi katika mahakama ya hakimu, katika muda wa siku 28 tangu matokeo kutangazwa. Na kesi hukatwa katika miezi sita, kisha huja rufani. Watu wa Magarini wameionyesha nchi nzima kwamba njia hiyo hufika mwisho wake, ijapokuwa ni ndefu. Njia ya mawe na mapanga haijamrudishia mtu kura yake.

Kwa aliyekata tamaa

Nimesema nitamkumbuka yule wa tatu. Mwaka 2022 taifa zima lilipiga kura kwa asilimia 64 na zaidi ya walioandikishwa, na katika kaunti yetu takriban nusu ya wenye majina katika daftari hawakutokea. Nazifahamu sababu zao. Wameona ardhi ikichukuliwa, wameona viongozi wakibadili magari na wadi isibadilike, na mwaka 2013 wako waliohubiri kwamba Mpwani hana haja ya uchaguzi wa Kenya. Lakini kususia hakukumwondoa kiongozi yeyote mbaya; kulipunguza tu idadi ya watu aliohitaji kuwaridhisha. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kila bajeti iliyopitishwa Malindi bila ya sauti ya nusu ya watu wa kaunti ni ushahidi wa maneno yao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisha kuweka chini maandishi haya, kitafute kitambulisho chako ulipokiweka. Ukiwa huna, nenda kwa naibu wa chifu kesho. Ukiwa nacho na hujaandikishwa, nenda afisi ya Tume ya eneo bunge lako juma hili. Ukiwa umeandikishwa mbali, hamisha. Na ukiwa umemaliza yote hayo, mchukue kijana mmoja wa nyumba yako aliyefikisha miaka kumi na minane, ufuatane naye mpaka jina lake liandikwe. Tarehe 10 Agosti 2027 daftari halitafunguliwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa.